Kwa Nini Wengine Humaliza Uzamivu na Wengine Huishia Njiani

Tulipotembelea Chunyu, mjumbe mmoja wa kamati ya parokia alituuliza: "Kijana wetu tulimchangia baada ya mauzo ya ufuta. Huu ni mwaka wa sita anasomea udaktari wa falsafa. Je, masomo yamemshinda?" Wafadhili nao hutuuliza swali hilo hilo, ila kwa upole zaidi.

Mara nyingi tatizo si akili. Barbara Lovitts, aliyewachunguza waliomaliza na walioacha katika vyuo vya Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba alama zao za shahada ya kwanza zilikaribiana sana. Taarifa nyingine ya huko, ya mwaka 2008, ilionyesha kwamba waliomaliza ndani ya miaka 10 walikuwa asilimia 57 tu. Wahandisi walifikia asilimia 64, lakini wa fasihi, historia na masomo ya aina hiyo walikuwa 49. Mhandisi hufanya utafiti pamoja na wenzake, na msimamizi humwona karibu kila siku. Mwanahistoria hukaa peke yake na makaratasi yake.

Hapo ndipo penye hatari. Masomo ya darasani yakiisha, hakuna tena ratiba wala mtihani; inabaki tasnifu. Fedha za ufadhili nazo huisha wakati huo huo. Huku kwetu wengi ni waajiriwa wenye familia: mwajiri anamtaka kazini, watoto wanadai ada, na msimamizi anakaa na sura moja kwa miezi.

Wazee wa Nachingwea wanaikumbuka kambi ya FRELIMO. Kiongozi wa kwanza wa chama hicho, Eduardo Mondlane, aliajiriwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1957 kabla ya kupata shahada yake ya uzamivu. Aliipata mwaka 1960 kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern. Kumbe inawezekana, ila ilimchukua miaka mitatu akiwa kazini.

Wangari Maathai wa Kenya naye mwaka 1966 alinyimwa kazi ya chuo aliyokuwa ameahidiwa. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, alimchukua awe msaidizi wake jijini Nairobi, akamhimiza asomee uzamivu. Alifanya sehemu ya utafiti Ujerumani, akarudi kufundisha, akapata mtoto, na mwaka 1971 akahitimu. Sisi tunaona kwamba bila msimamizi wa namna ile, huenda angeishia njiani.

Kwa hiyo kamati zinazochangia tunaziomba zisimalize fedha zote kwenye nauli na ada ya mwaka wa kwanza. Wekeni akiba ya mwaka wa kuandika, ambao mara nyingi huwa miwili. Tena ulizeni sura ngapi zimekamilika, badala ya kuuliza "utarudi lini?"

Kamati ya Chunyu ilimpigia simu kijana wao. Alikuwa amebakiza sura mbili, na kwa aibu alikuwa ameacha kupokea simu za nyumbani.