Dawa ya unga haifanyi kazi sakafuni

Ukimwaga dawa ya unga katikati ya banda la kuku, utaua mchwa wachache na utawapigisha kuku chafya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloliona kwa wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huku kwetu Singida. Mtu ananunua kopo, anafungua mlango wa banda, anarusha unga huku na huku kama anayepanda uwele, halafu baada ya wiki mbili anakuambia dawa ni feki. Pengine ni feki kweli, zipo. Mara nyingi lakini unga ulikwenda kusikokuwa na mdudu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mjue mdudu anayekusumbua. Chawa anaishi mwilini mwa kuku maisha yake yote. Mshike kuku, mgeuze, fumua manyoya ya chini ya mbawa na yale yanayozunguka sehemu ya haja. Utaona vijidudu vya rangi ya majani makavu vikikimbia mwanga, na kwenye mashina ya manyoya mayai meupe yaliyogandana makundi makundi. Utitiri mwekundu ana tabia nyingine kabisa. Mchana humkuti kwa kuku, kajificha kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio ya fito za kulalia, chini ya viota. Usiku ndio anatoka kunyonya damu, akishiba anarudi zake. Ukitaka kumthibitisha, ingia bandani saa tatu usiku na tochi, chukua karatasi nyeupe, pangusa upande wa chini wa fito wanazolalia. Karatasi ikitoka na michirizi ya damu, umeshapata jibu. Na usitegemee kuliacha banda tupu mwezi mmoja ili wafe njaa. Utitiri huyu huweza kukaa miezi bila kula.

Kuna viroboto, wale weusi wanaong'ang'ania kilemba na kope za macho. Hao usiwapake dawa ya unga usoni mwa kuku hata siku moja. Paka vaselini au mafuta ya kula pale walipojishika, watakosa hewa. Kwa hawa tu, unga uupeleke sakafuni, kwenye vumbi na matandazo, maana mabuu yao yanakulia humo. Papasi naye anapenda kuta za udongo na miti, na hubeba vimelea vya homa inayoua kuku, kwa hiyo ukimkuta usimchukulie mzaha.

Madukani, dawa nyingi za unga zina kabarili au pemethrini. Zote zinashambulia neva za mdudu, na zote ni dhaifu mbele ya mayai yake. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanapaka mara moja, kuku wanatulia, basi imekwisha. Mayai ya chawa huanguliwa ndani ya siku 4 hadi 7 hivi, kwa hiyo rudia kati ya siku ya 7 na ya 10, kabla walioanguliwa hawajakua wakataga. Ile dawa ya kuhifadhia mahindi usiiguse, hata kama nayo ni unga na hata kama jirani anaapa kwamba inafanya kazi. Kipimo chake kilipangwa kwa gunia la nafaka, si kwa ngozi ya kuku anayejidonoa manyoya usiku kucha na kutaga yai utakalolikaanga asubuhi.

Mimi naanza na banda, kuku baadaye. Asubuhi natoa kuku, vyombo vya chakula na maji, na mayai yote. Matandazo ya zamani na nyasi za viota nachoma moto. Nakwangua kinyesi kwenye fito, nafagia utando wa buibui, naacha pakauke, kwa sababu unga ukilowa unagandamana na hauna kazi tena. Kisha nachukua brashi ya rangi iliyochakaa, naisukumiza dawa ndani ya nyufa, kwenye matundu ya misumari, na kwenye kila pembe ambapo fito inakutana na ukuta. Kazi hii inachosha na inachukua muda kuliko zote, lakini ndiyo inayomaliza utitiri. Kwenye viota natia kidogo chini kabisa, halafu maranda mapya juu. Tetea anayetaka kuatamia namhudumia kabla hajalalia mayai. Vifaranga siwapaki.

Jioni kuku wakishapanda kulala, wanashikika bila fujo. Tia unga kwenye soksi kuukuu, funga fundo. Mwenzako amshike kuku miguu, kichwa chini, na manyoya yatafunguka yenyewe. Gongagonga soksi chini ya mbawa, kifuani, na kuzunguka sehemu ya haja, kisha sugua kwa vidole kinyume cha ulalo wa manyoya ili unga ufike kwenye ngozi. Kichwa kiache. Wewe mwenyewe vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, na simama upande upepo unakotoka.

Majivu nayatumia pia, ya kuni tu, yasiyo na mabaki ya plastiki. Nachanganya na mchanga mkavu kwenye karai pana, naweka pasiponyeshewa, kuku wanajigaragaza wenyewe. Kwa kinga yanasaidia sana. Banda likishavamiwa, yenyewe peke yake hayatoshi, na sikubaliani na wanaosema yanatosha. Kuna salfa pia, ile ya unga ambayo wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaipulizia mikorosho. Ni adui wa siku nyingi wa utitiri na chawa, ila inawasha macho, ya kuku na ya kwako. Muulize mtaalamu kwanza.

Kama una mizinga ya nyuki, na Singida wengi tunayo, elewa kwamba kabarili na pemethrini zote zinaua nyuki vibaya sana. Usipake siku ya upepo, wala usikung'utie matandazo yenye dawa karibu na mizinga au mtoni. Pemethrini inaua hata paka, mfungie mbali mpaka vumbi litulie.

Soma kibandiko uone ni siku ngapi hutakiwi kula mayai wala kuchinja kuku baada ya kupaka. Kopo lisilosema hivyo, lirudishe. Na ukienda duka la dawa za mifugo, mtie mdudu kwenye kichupa uende naye. Muuzaji akishindwa kukuambia ni nani huyo, nenda kwa afisa mifugo wa kata kabla ya kununua.