Ajali haina kinga? Tuitazame ya Bukoba

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ndogo aina ya ATR 42 ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria wakati ikienda kutua Bukoba. Ilikuwa asubuhi, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani walikuwamo watu 43. Walifariki 19, wakiwemo marubani wote wawili, na wakaokoka 24. Uwanja ulikuwa pale pale ukingoni mwa ziwa, na waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao.

Likitokea jambo kama hili, kauli yetu ni moja, vijiweni na hata misikitini: ajali haina kinga. Tukishasema hivyo, tunazika, tunasoma dua, tunarudi makwetu. Muislamu anaamini kadari, hilo halina mjadala. Lakini hivi, kuamini kadari ndiyo kutouliza sababu? Mbona mtoto akiugua malaria tunatafuta chandarua?

Ndugu msomaji, tuangalie kwanza ndege inatua vipi. Aghalabu rubani huishusha kwa mteremko mdogo, kiasi cha nyuzi 3. Kwa ndege kama ATR hiyo ni kama futi 600 kwa dakika. Ikifika futi 1,000 juu ya uwanja, na kama kuna mawingu au mvua, ndege inatakiwa iwe imekwisha kutulia: mwendo uwe ule unaotakiwa, magurudumu yako nje, mteremko hauzidi, pua imeelekea njia ya kurukia. Anga likiwa jeupe huruhusiwa mpaka futi 500. Ikiwa kimoja kati ya hivyo hakijakaa sawa, kanuni haimwambii rubani ajaribu kurekebisha akiwa njiani. Inamwambia aongeze nguvu ya injini, apae, azunguke aanze upya au aende uwanja mwingine.

Kwa nini pawe na ukali kiasi hicho? Kwa sababu jicho la mwanadamu hudanganyika. Maji ya mvua yakitanda kwenye kioo cha mbele, rubani huona kama yuko juu zaidi kuliko alivyo, naye hushuka zaidi. Juu ya ziwa mambo huzidi, maana maji hayana miti wala nyumba za kupimia kimo. Tena upepo ukibadilika ghafla karibu na ardhi, ndege hupoteza kimo kwa sekunde chache, na chini hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Kinga nyingi za leo zimetokana na misiba ya namna hii. Desemba 1, 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikienda kutua karibu na Washington, Marekani, ilishuka mapema mno ikagonga mlima katika jimbo la Virginia. Wakafa wote 92. Baada ya hapo serikali ya nchi ile iliamuru ndege kubwa za abiria zifungwe chombo kinachopiga kelele rubani anapoikaribia ardhi isivyo kawaida. Leo chombo hicho, kikiwa kimeboreshwa sana, kimo katika ndege za abiria duniani kote. Wangesema ajali haina kinga, kisingekuwapo.

Chombo hata hivyo hakitoshi. Utafiti wa taasisi ya Flight Safety Foundation ulionyesha kuwa katika kila safari 100 ambazo ndege imeukaribia uwanja bila kutulia, marubani walioghairi na kupaa tena ni kama 3 tu. Wengine wote waliendelea kushuka, na wengi wao walitua salama, na hapo ndipo penye hatari, kwani anayevuka salama leo hupata ujasiri wa kuvuka kesho.

Siandiki haya kuwahukumu marehemu wa Bukoba. Ninaandika kwa ajili yetu sisi abiria, maana na sisi tumo. Ndege ikipaa tena wakati tumekwisha kuona mapaa ya mji, tunaguna. Ikirudishwa Mwanza kwa sababu ya mawingu, tunampigia kelele mhudumu, tunadai nauli, tunasema rubani hajui kazi. Tuna harusi, tuna maziko, tuna biashara. Rubani naye ni mtu, ana masikio, na ana mwajiri anayehesabu mafuta.

Jingine linatuhusu zaidi. Mhudumu anapoonyesha jaketi la kujiokolea, wengi wetu tuko kwenye simu. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuishiwa mafuta iliangukia baharini, karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175, walifariki 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo jaketi zao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwanyanyua zikawabana darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, upepo hujazwa mtu akiwa anatoka mlangoni. Maelezo haya huchukua chini ya dakika moja, na hutolewa kabla ndege haijaondoka.