Mama, Damu Ikionekana Baada ya Hedhi Kukoma



Mara hii tuzungumzie jambo ambalo wanandoa wengi wa makamo hulinyamazia hata wakiwa wawili tu chumbani. Mama amepita miaka 50, hedhi ilikoma miaka mitatu au minne iliyopita, kisha siku moja anaona damu kwenye nguo ya ndani. Amwambie nani? Wengine watauliza katekista anaingiliaje mambo ya wanawake. Lakini ni sisi tunaoitwa kuongoza sala kwenye matanga ya akina mama waliochelewa kwenda hospitalini.

Kwanza tuelewane. Mama akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona hedhi, huhesabiwa kuwa hedhi imekoma. Damu yoyote baada ya hapo si hedhi, hata kama ni tone moja, hata kama ni doa la kahawia lililoonekana mara moja likapotea. Haina budi kuchunguzwa. Wako wanaofurahi wakidhani ujana umerudi, na wengine humtaja Elizabeti, mama yake Yohane Mbatizaji. La hasha! Injili inasema Elizabeti alichukua mimba uzeeni. Haisemi alianza kutokwa na damu.

Huku kwetu Homa Bay na Migori kuna fikra nyingine nzito zaidi, nayo ni chira. Mama anaulizwa amevunja mwiko gani. Akiwa mjane, anaulizwa kwa nini alikataa kurithiwa. Anapewa manyasi anywe, anapelekwa kwa nyamrerwa, miezi inapita. Na bwana asiyejua, anapoona damu, huanza kuwaza kwamba mkewe ametembea nje. Nyumba inaingiwa na baridi kwa sababu ya jambo ambalo daktari angelieleza kwa siku chache.

Ukweli ni kwamba mara nyingi chanzo si kibaya. Homoni zikipungua, ngozi ya ndani ya uke na ya mji wa mimba huwa nyembamba na kavu, ikachubuka upesi, pengine baada ya tendo la ndoa. Au kuna kinyama kidogo kimeota ndani. Lakini yaweza pia kuwa saratani. Katika utafiti wa nchi nyingi, karibu mama 1 kati ya 10 wanaotokwa na damu namna hii hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona. Kwetu iko pia saratani ya mlango wa mji wa mimba, ambayo hukadiriwa kuua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka nchini Kenya. Mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari yake takribani mara sita kuliko asiye navyo. Akina mama wetu wengi wameishi miaka mingi kwa msaada wa ARV na sasa wamefika umri huu. Hao wasikawie hata kidogo.

Hapa pana kosa moja ninalolisikia mara kwa mara: "Mimi nilipimwa kwa siki, wakaniambia niko sawa." Kipimo hicho ni cha mama asiye na dalili. Tena baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, kwa hiyo siki haitoshi. Ukitokwa na damu, sema wazi kwamba unatokwa na damu.

Kabla ya kwenda, angalia damu inatoka wapi. Je, ni kwenye mkojo? Au ni kwenye choo kikubwa, kama inavyotokea kwa kichocho cha matumbo huku ziwani? Andika tarehe, na ubebe dawa zote unazotumia. Waweza kuanzia hospitali ya misheni kama Ombo kule Migori au Asumbi. Ikihitajika watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, au Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Hakikisheni mmejiandikisha na kulipia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Huko daktari ataangalia mlango wa mji wa mimba, kisha utapigwa picha ya skani kupima unene wa ngozi ya ndani. Ikiwa milimita 4 au chini, kwa kawaida ni habari njema, ila damu ikirudi tena, nawe urudi. Ikiwa nene, huchukuliwa kipande kidogo kwa mrija mwembamba kikapimwe maabara. Huuma kama maumivu ya hedhi, kwa muda mfupi. Wengine hulazimika "kusafishwa" wakiwa wamelala kwa dawa. Neno hilo huwatia aibu akina mama, kwa kuwa kijijini husikika kama kutoa mimba. Mama wa miaka 58 anatoa mimba gani? Ni uchunguzi.

Na wale wanaoogopa kwamba kutolewa mji wa mimba ni dhambi, wajue Kanisa halikatazi tiba ya lazima ya ugonjwa. Papa Paulo wa Sita aliliweka wazi katika Humanae Vitae, mwaka 1968.

Nawe bwana, nenda naye. Usimwachie nauli mezani ukaenda zako. Kaa naye kwenye benchi, ukasikie mwenyewe daktari anasema nini. Tendo la ndoa liahirisheni mpaka chanzo kijulikane, kwa kupatana, bila manung'uniko wala kutafuta pengine. Majibu ya maabara yaweza kuchukua wiki kadhaa; ulizeni siku ya kuyarudia na namba ya simu ya kliniki, na yasipofika siku hiyo, rudini mkaulize wenyewe.