Kuipa Kiluba sauti ya kompyuta, kutoka Ruashi

Ukitaka kompyuta isome Kiluba kwa sauti, mtafute msomaji kwanza, mashine baadaye. Usichukue mhubiri: programu hujifunza mwendo wa sauti inayopewa, na bei ya unga wa bukari itasomwa kwa sauti ya mimbarani. Mimi nilimchagua mama anayesoma taratibu, aliyelelewa kwa Kiluba. Mkubaliane kwa maandishi sauti itatumika wapi na atalipwa nini. Sauti ni mali yake.

Huku kwetu Ruashi, Lubumbashi, rekodini usiku, jenereta zikishazimwa, katika chumba kidogo kilichoegemezwa magodoro ukutani. Mvua ikigonga bati, acheni. Kila sentensi iwe faili yake ya WAV.

Kwa maandishi ya kusoma, Biblia ni msaada mkubwa. Mkusanyo wa sauti wa BibleTTS wa mwaka 2022, wenye Lingala ndani yake, ulitokana nayo, na mradi wa MMS wa Meta wa mwaka 2023, uliofikia lugha zaidi ya 1,100, ulitegemea sana usomaji wa Agano Jipya. Lakini ongeza maneno ya soko na ya zahanati, pamoja na namba za simu, ambazo huku watu huzitaja kwa Kifaransa.

Kazi yenyewe hasa ni toni. Kiluba hutenganisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, ila maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Wazee walituma habari kwa ngoma kwa toni tupu. Mtafiti wa Kiluba, Van Avermaet, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1945. Kompyuta yetu ina herufi zote, toni haina. Kwa hiyo weka alama juu ya kila irabu yenye toni ya juu katika maandishi ya kufundishia, kisha tengeneza orodha ya maneno na toni zake, programu iipitie kabla ya kusoma. Kamusi ya Van Avermaet na Mbuya ya mwaka 1954 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nilimsikilizisha mzee mmoja wa mtaa sentensi ileile, bila toni na yenye toni. Akainamia simu, akasema: "Mwanangu, ule wa kwanza anasoma tu. Uyu wa pili anasema." Kipimo hicho nakiamini kuliko takwimu za kompyuta.

Kama kwenu kuna mzee anayesema Kiluba, au lugha jirani za Kisanga na Kihemba, bila kuchanganya na lugha nyingine, mwombe ruhusa, umrekodi mwaka huu.