Waraka Mmoja, Kurasa za Namna Mbalimbali
Somo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi

Katika kutembelea vikundi tumeona jambo moja linalowasumbua makatibu wengi. Kikundi kimoja cha akina mama kilipeleka taarifa yake ya mwaka kupigwa chapa kwa kompyuta. Ilikuwa na sehemu tatu: maelezo ya kazi, jedwali la michango ya miezi 12, na orodha ya wanachama. Karatasi zilipogawanywa mkutanoni, jedwali liliishia Septemba. Miezi mitatu ya mwisho ilikuwa imetoka nje ya karatasi. Watu wakaanza kunong'ona, na mama mweka hazina, ambaye hakula hata senti moja, akatoka mkutanoni akilia.

Walirudi kwa mpiga chapa, naye akalaza kurasa zote. Jedwali likaenea, lakini maelezo nayo yakalala, na maneno "Hesabu ya Michango" yakawa juu ya kila ukurasa, hata ule wa majina. Wakalipa mara ya pili, na kazi bado si sawa.

Shida ilikuwa wapi?

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Mkiacha nafasi ya sentimita 2.5 kila upande, ukurasa uliosimama unabaki na sentimita 16 za kuandikia. Jedwali lile lina safu 14: jina, miezi 12 na jumla. Kila safu ingepata sentimita moja na kidogo tu! Ukurasa ukilazwa mnapata sentimita 24.7. Jina lipewe 5, na kila safu nyingine 1.5. Hapo inatosha.

Basi jedwali peke yake ndilo linahitaji kulala. Ni kama shamba: unaweza kupanda mahindi huku na maharagwe kule, bora uweke mpaka. Kompyuta nayo inataka mpaka. Usipoiwekea, inachukua waraka wote kuwa kitu kimoja.

Namna ya kufanya

Tutumie programu ya Microsoft Word, ambayo wapiga chapa wengi wanayo.

1. Weka kijistari cha kuandikia mwanzo wa kichwa cha jedwali. Bonyeza "Layout", kisha "Breaks", halafu chini ya "Section Breaks" chagua "Next Page". Huo ni mpaka wa kwanza.

2. Nenda mwanzo wa orodha ya wanachama, ufanye vivyo hivyo. Sasa waraka una sehemu tatu.

3. Bonyeza ndani ya jedwali. Rudi "Layout", chagua "Orientation", kisha "Landscape". Sehemu ya katikati italala, zile nyingine zitabaki zimesimama.

4. Sasa maneno ya juu ya ukurasa. Bonyeza mara mbili juu kabisa ya ukurasa wa sehemu ya tatu. Utaona "Link to Previous" imewashwa, maana yake sehemu hii inafuata ile iliyotangulia. Izime. Fanya hivyo katika sehemu ya pili pia. Ukishazima zote mbili, ndipo uandike maneno ya kila sehemu. Ukianza kuandika kabla ya kuzima, utaharibu sehemu nyingine.

5. Maneno ya chini ya ukurasa yana kiungo chake mbali. Kama namba za kurasa ziko chini, acheni kiungo hicho kama kilivyo, ili namba ziendelee moja kwa moja.

Wanaotumia LibreOffice, ambayo hailipiwi, njia yao ni tofauti. Wakati wa kuweka mpaka, unachagua mtindo wa ukurasa utakaofuata, na kila mtindo una maneno yake ya juu.

Tahadhari

Kubonyeza Ctrl na Enter kunaanza ukurasa mpya tu, si mpaka wa sehemu. Tena, msifute mpaka ovyo. Katika Word, mpaka ndio unaoshika mpango wa sehemu iliyo kabla yake. Ukiufuta, sehemu hiyo inachukua mpango wa ile inayofuata, na jedwali litasimama tena. Ili kuiona mipaka, bonyeza alama ya ¶.

Mwisho, katibu na mweka hazina waketi pamoja na mpiga chapa, watazame kurasa zote kwenye kioo kabla ya kulipia karatasi hata moja. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililokatwa linaweza kumharibia mtu mwaminifu jina lake.

Ya kujadili kikundini

1. Taarifa yetu ina sehemu ngapi, na ni ipi inayohitaji kulazwa?
2. Nani hukagua karatasi zetu kabla hazijagawanywa?
3. Kosa likionekana katika hesabu, tunauliza kwanza au tunalaumu kwanza?