Shule Zikifungwa kwa Theluji, Mzazi Ajipange Vipi?

Inchi mbili za theluji zikianguka Atlanta, shule zinafungwa na mkate unaisha madukani. Inchi hizo hizo zikianguka Minneapolis, basi la shule linapita saa yake, na mwenye shida siku hiyo ni mtoto aliyetoka bila mabuti. Wengi wetu tunaolea watoto Marekani tumehama jimbo hata jimbo, Texas hadi Iowa, Georgia hadi Maine, tukifuata kazi au ndugu, na kila tunapofika tunakuta wenyeji wana namna yao ya kuipokea theluji. Mzazi asiyeijua namna hiyo atampeleka mtoto kwenye shule iliyofungwa, au atamzuia nyumbani siku ambayo wenzake wote wako darasani.

Watu wa kaskazini hupenda kuwacheka wa kusini kwa hofu yao. Mimi siwacheki. Mvua inayofunga barabara pale Jangwani, Dar es Salaam, kule Bukoba ni mvua ya kawaida, na hakuna anayesema watu wa Dar ni waoga. Mji wenye magari mengi ya kusukuma theluji, ghala za chumvi ya kumwaga barabarani na madereva waliozoea, husafisha njia usiku na asubuhi watu wanakwenda zao. Mji usio na vitu hivyo hauna budi kungoja jua. Seattle ina vilima vikali na haijajipanga kwa theluji nyingi, ndiyo maana Februari 2019 shule zake zilifungwa siku kadhaa. Basi ukihamia mahali, mtafute jirani mwenye watoto umuulize: hapa huwa wanafunga shule kwa sababu gani, na tangazo linatoka saa ngapi? Jibu lake litakufaa kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Kusini, jambo la kuogopa ni kunaswa. Tarehe 28 Januari 2014 theluji ya kama inchi mbili ilianza kuanguka Atlanta karibu na adhuhuri, watoto wakiwa shuleni na wazazi kazini. Shule, ofisi na kampuni zikawaruhusu watu karibu kwa wakati mmoja. Magari yote yakaingia barabarani, theluji ikakandamizwa ikawa barafu, na malori ya chumvi hayakuweza kupita kwa sababu ya foleni. Kuna watoto waliolala shuleni, wengine walikaa ndani ya mabasi hadi usiku mwingi, na wazazi waliacha magari kandokando ya barabara kuu wakatembea kwa miguu. Tangu hapo shule nyingi za huko hufunga kwa kuona utabiri tu, kabla hata chembe moja haijaanguka. Ikitokea jua likawaka siku hiyo, watu hulalamika. Mimi naona viongozi wa shule wana haki.

Ukiishi Georgia, Tennessee, North Carolina au Texas, basi, jipange kwa siku ya kuruhusiwa mapema kuliko kwa siku ya kufungwa. Andikisha shuleni majina ya watu wawili wenye ruhusa ya kumchukua mwanao, na angalau mmoja awe anakaa karibu kiasi cha kufika kwa miguu. Shule haitamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halimo, hata akiwa mjomba wake wa damu, hata mtoto mwenyewe akimkimbilia. Utabiri ukitaja barafu, jaza mafuta jioni, weka blanketi, maji na chaja ya simu ndani ya gari.

Buffalo ni hadithi nyingine. Mji huo uko kwenye ncha ya Ziwa Erie, na ziwa likiwa halijaganda, upepo wa baridi hupita juu yake, huokota unyevu na kuumwaga kama theluji kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vya kusini vilifunikwa na zaidi ya futi tano, huku kaskazini ya mji watu wakipata kidogo tu. Matokeo yake, wilaya moja ya elimu hufunga na ya jirani yake ikafungua. Usimsikilize rafiki wa mtaa wa mbali. Fuata tangazo la wilaya ya mwanao peke yake. Na serikali ikipiga marufuku kuendesha gari, baki ndani, bosi apige simu asipige. Katika dhoruba ya Desemba 2022 zaidi ya watu 40 walikufa katika kaunti ulimo mji huo, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yaliyozama kwenye theluji.

Sasa Minnesota, ambako theluji yenyewe haiwatishi watu. Huko kinachofunga shule ni baridi. Tarehe 6 Januari 2014 gavana Mark Dayton aliamuru shule zote za umma za jimbo zifungwe, amri ambayo haikuwa imetolewa tangu 1997, na sababu ilikuwa baridi. Watabiri hutoa namba mbili: ya joto la hewa na ya jinsi baridi inavyohisiwa upepo ukivuma. Mzazi atazame hiyo ya pili. Ikifika nyuzi 35 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, ambazo ni kama 37 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika kumi. Na basi la shule siku kama hiyo mara nyingi huchelewa, kwa sababu injini za dizeli nazo husumbuliwa na baridi.

Mavazi ya kusubiria basi kituoni yana utaratibu wake. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kumpoza mtoto. Tafuta sufu au kitambaa cha michezo. Juu yake fulana nzito, kisha koti lisilopitisha upepo. Glavu zinazokusanya vidole pamoja huhifadhi joto kuliko zinazovitenganisha. Soksi za akiba zikae kwenye begi. Sitara za kike hazizuii lolote hapa: binti anayevaa gauni refu au hijabu avae suruali ya theluji ndani, na mtandio usiloe. Mtoto mdogo umfungapo kwenye kiti cha gari, mvue koti kubwa kwanza, funga mikanda imbane vizuri, kisha umfunike koti juu ya mikanda. Koti nene chini ya mkanda husinyaa gari likigongwa, na mtoto huchomoka.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vingi vya shule havilisemi. Huandika kwamba ngozi inayoganda hugeuka nyekundu kisha nyeupe. Kwa watoto wetu weusi mabadiliko ya rangi ni magumu kuonekana; pengine utaona kijivu tu, kama ngozi iliyokauka. Kwa hiyo tumia mkono. Shika ncha za vidole, pua na masikio. Pakiwa pagumu, panateleza kama nta, na mtoto anasema hasikii kitu, mwingize ndani, weka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, usiisugue na usiisogeze kwenye moto. Hisia zisiporudi, mpeleke hospitali.

Ndani ya nyumba kuna hatari inayotuhusu sana sisi tuliokulia kwenye mkaa. Umeme ukikatika na nyumba ikipoa, akili ya kwanza ni kuingiza jiko. Usifanye hivyo, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba za huku zimezibwa zisipitishe upepo, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Baridi ya Texas ya Februari 2021 ilizima umeme kwa mamilioni ya watu, na miongoni mwa waliokufa wamo waliowasha gari gerejini au mkaa sebuleni wakitafuta joto. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia nyumba. Kusanyeni familia nzima chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa taulo, vaeni kofia hata kitandani. Mtoto asiyetimiza mwaka asilale na mablanketi yaliyolegea. Mvalishe nguo nzito. Na kabla ya kuwasha gari lililofukiwa, ondoa theluji kwenye bomba la ekzosi.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, ni kazi. Akina mama wengi wa kwetu wanahudumia wazee katika nyumba za kulelea, na nyumba hizo hazifungwi kwa theluji. Tangazo la shule hutoka kama saa kumi na moja alfajiri, zamu inaanza saa moja, na katikati hapo ndipo unatafuta mtu wa kukaa na watoto. Saa hiyo hutampata. Mpango ufanywe Oktoba: familia tatu zenye zamu tofauti, zinazokaa umbali wa kutembea, zikubaliane nani anabaki na watoto siku gani. Yule anayefanya kazi usiku asibebeshwe kila mara kwa kuwa "yuko nyumbani", amerudi kulala. Kumwacha mtoto peke yake kuna sheria, nazo hutofautiana. Maryland, kwa mfano, mtoto wa chini ya miaka minane hawezi kuachwa bila mtu wa miaka 13 au zaidi. Majimbo mengi hayataji umri, lakini maofisa wa ustawi wa watoto wanaweza kukuhoji. Kabla ya kumwachia kaka mkubwa nyumba, uliza kanuni za kwako.

Tangazo likisema shule itachelewa kwa saa mbili, basi la shule nalo linachelewa kwa saa hizo hizo, na kifungua kinywa cha shuleni huenda kisiwepo. Siku ya kufungwa kabisa hakuna chakula cha mchana cha bure, kwa hiyo bajeti ya mchele ya Januari iwe na nafasi. Siku hizi maeneo mengine hayafungi. Hubadili somo kuwa la mtandaoni. New York City ilifanya hivyo tarehe 13 Februari 2024, na asubuhi familia nyingi zikashindwa kuingia kwenye mfumo. Jaribu neno la siri la mtoto mapema. Pale shule zinapofungwa kweli, siku zilizopotea huweza kulipwa Juni, kwa hiyo usikate tiketi ya Nairobi au Bujumbura kwa kesho ya siku ya mwisho ya muhula. Acha wiki nzima.

Mwisho, nenda ofisi ya shule ukahakikishe namba ya simu waliyonayo ni yako ya sasa, na ombi la ujumbe wa Kiswahili limeandikwa kwenye faili la mtoto. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa. Usiombe kwa unyonge. Ni haki yako. Na ukibadili laini ya simu, wapelekee namba mpya siku hiyo hiyo.