Lenzi za Machoni: Macho Yakikauka Ufanye Nini?

Wengi wanaovaa lenzi hulalamika kwamba jioni macho huwasha, huchoma, au huhisi kama yameingiwa na mchanga. Lenzi huelea juu ya utando mwembamba wa machozi. Machozi yakipungua, lenzi laini hukauka na kulikwaruza jicho. Kabla ya kukimbilia dawa, tafuta kinachoyakausha macho.

Vikausha macho
- Simu na kompyuta: tukikazia macho kioo, hatupepesi vya kutosha.
- Feni au kiyoyozi kinachopuliza usoni, moshi, na upepo wa pikipiki.
- Baadhi ya vidonge vya mafua na mzio.
- Lenzi iliyopitisha muda wake au iliyovaliwa kutwa nzima.

Fanya hivi
- Kila baada ya dakika 20 za simu au kompyuta, tazama mbali na upepese macho taratibu.
- Geuza feni isikuelekee.
- Tumia matone ya kulainisha macho yaliyoandikwa kuwa yanafaa kwa lenzi.
- Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kugusa lenzi.
- Sugua lenzi kwa dawa yake ya kusafishia, kisha uiloweke katika dawa mpya. Usiongezee juu ya ile ya jana.
- Badilisha kikasha cha lenzi angalau kila miezi 3.
- Hali isipobadilika, mwone mtaalamu wa macho. Huenda zikakufaa lenzi za kuvaa siku moja na kutupa.

Usifanye hivi
- Usiloweshe lenzi kwa mate wala maji, hata yakiwa safi ya kunywa. Maji huweza kuwa na kijidudu akantamiba, kinachoweza kupofusha.
- Usilale nazo, wala usiogelee nazo.
- Usijinunulie matone ya kuondoa wekundu au yenye steroidi, huficha ugonjwa.
- Msiazimane lenzi za rangi, hata kwa harusi ya siku moja.

Huu si ukavu tu
Maumivu makali, wekundu usiopungua, usaha, kushindwa kuvumilia mwanga, kuona ukungu, au doa jeupe kwenye mboni ni dalili za hatari. Vua lenzi na uende kliniki ya macho siku hiyohiyo. Chukua lenzi na kikasha chake vikapimwe.

Kila mvaa lenzi awe na miwani ya akiba, ili macho yakizikataa lenzi asilazimike kuchagua kati ya kuona na kupona.